Ofisi ya Utetezi wa Wayahudi kwenye Bunge la Jimbo: Inafaa Nini, Inashindwa Wapi

Wengi wakisikia utetezi wa Wayahudi Marekani, akili inakwenda Washington: mashirika kama ADL (Anti-Defamation League) iliyoanzishwa 1913, AJC (American Jewish Committee) ya tangu 1906, na mikutano mikubwa yenye kamera. Huduma tunayoipima hapa ni ya chini ya hapo. Ni ofisi ya watu wawili au watatu, iliyo hatua chache kutoka jengo la bunge la jimbo, inayolipwa na mashirika ya Kiyahudi ya jimbo zima ili isome miswada, iombe fedha kwenye bajeti na ipeleke watu mbele ya kamati. California iko Jewish Public Affairs Committee, maarufu kama JPAC, yenye kazi yake Sacramento, mji mkuu wa jimbo. Pennsylvania iko Pennsylvania Jewish Coalition huko Harrisburg. Ohio iko Ohio Jewish Communities. Illinois kazi hiyo hufanywa na Jewish United Fund ya Chicago, na Minnesota na Massachusetts hufanywa na mabaraza ya mahusiano ya jumuiya, yale yanayoitwa JCRC.

Tuanze na hukumu, ili asiye na muda asipotee. Kwenye fedha za usalama wa masinagogi na shule, huduma hii inalipa kuliko ada yoyote nyingine ambayo shirika la Kiyahudi hulipa. Kwenye elimu ni ya wastani, na kasoro yake ni ileile kila jimbo. Kwenye miswada ya kufafanua chuki dhidi ya Wayahudi ni kamari, hata pale mswada unapopita. Na siku ile ya kwenda bungeni kwa mabasi, ambayo ndiyo hupigwa picha zaidi, ina thamani ndogo kuliko inavyotangazwa.

Kigezo kikuu cha kumpima mkurugenzi wa ofisi hii ni kalenda. Mzungumzaji mzuri anapatikana kila sinagogi. Anayejua ni siku gani mswada unakufa bila mtu kuupigia kura ni adimu.

Chukua California. Bunge lina wajumbe 120, 80 wa Assembly, yaani baraza la chini, na 40 wa Seneti. Gavana hutoa pendekezo la bajeti kufikia Januari 10, hulirekebisha kufikia Mei 14, na katiba inalitaka bunge lipitishe bajeti kufikia Juni 15. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sasa, anayetaka fedha za usalama zionekane kwenye pendekezo la Januari lazima awe ameshazungumza na ofisi ya gavana na idara ya fedha tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Akifika Februari, njia iliyobaki ni kumpata mbunge aandike barua ya ombi la bajeti, na barua hiyo itashindana na mamia ya nyingine. Ofisi inayoanza kampeni yake ya bajeti baada ya mwaka mpya imeshachelewa, hata kama orodha yake ya maombi inapendeza.

Miswada nayo ina mtego wake. Kwa kawaida mswada hauwezi kusikilizwa na kamati kabla haujakaa siku 30 tangu uwasilishwe. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ni katikati au mwishoni mwa Februari, kwa hiyo wabunge wengi huwasilisha karatasi tupu yenye kichwa tu, kisha huijaza baadaye. Anayesoma miswada mwezi Februari na kupumzika atapitwa. Kilichokuwa mswada wa mitaala mwezi huo kinaweza kuwa kitu kingine kabisa Aprili.

Halafu kuna kamati za matumizi. Mswada utakaoigharimu serikali dola 150,000 au zaidi, kwa upande wa Assembly, au dola 50,000 za mfuko mkuu kwa upande wa Seneti, hupelekwa kwenye faili la kusubiri. Mwezi Mei, na tena Agosti, faili hilo husomwa kwa mkupuo mmoja. Mwenyekiti anataja namba ya mswada na neno moja au mawili: umepita, umepita na marekebisho, umebaki (yaani umekufa hapo). Hakuna ushahidi unaotolewa siku hiyo, hakuna mjadala, na mamia ya miswada humalizika asubuhi moja. Uamuzi umeshafanyika vyumba vya nyuma. Kwa hiyo barua 500 zinazotumwa juma lile hazimfikii mtu mwenye uwezo wa kubadili kitu. Zinazofaa ni simu mbili kwa wasaidizi wa kamati wiki tatu kabla, zikiwa na pendekezo la kupunguza gharama: kwa mfano, kuondoa ripoti ya kila mwaka iliyokadiriwa kuhitaji mfanyakazi mpya. Ofisi nzuri hufanya hivyo. Ofisi dhaifu hukutumia kiungo cha kubofya.

Juu ya kalenda ya bunge kuna kalenda ya Kiyahudi, na hapa ndipo huduma hii inapotofautiana na kampuni yoyote ya ushawishi unayoweza kuikodi. Mwaka wa fedha wa New York huanza Aprili 1, na mazungumzo ya bajeti Albany, makao ya bunge lake, hukolea siku za mwisho za Machi. Kwa mwaka 2026, Pesach, yaani Pasaka ya Kiyahudi, inaanza jioni ya Aprili 1 hiyohiyo. Mwaka 2025, sikukuu ya Shavuot ilianza jioni ya Juni 1 na kwenda hadi Juni 3, wakati mwisho wa miswada ya California kutoka kwenye baraza ilikoanzia ulikuwa Juni 6. Mwezi wa gavana kusaini miswada mwaka huohuo ulibeba sikukuu za Rosh Hashanah, Yom Kippur na Sukkot zote. Mswada wa AB 715, unaohusu chuki dhidi ya Wayahudi shuleni, ulisainiwa Oktoba 7, siku ya kwanza ya Sukkot, siku ambayo Myahudi wa Orthodox, yaani wa mkondo unaoshika sheria za dini kwa ukali, hashiki simu. Kwa hiyo uliza mapema: nani asiyeacha kazi siku hizo, au asiye Myahudi, ana mamlaka ya kuzungumza kwa niaba ya ofisi? Kama jibu ni kwamba mkurugenzi ataangalia ujumbe baada ya Havdalah, ibada ya kufunga sikukuu, jua kuna saa 49, au 73 sikukuu ikiungana na Sabato, ambazo marekebisho yanaweza kupita bila mtu wenu chumbani. Ofisi zilizokomaa huwa na mshawishi wa mkataba asiye Myahudi kwa ajili ya hilo, na barua ya maagizo iliyoandikwa kabla ya sikukuu: marekebisho gani tunakubali, yapi yanatuondoa kwenye mswada.

Majimbo mengine yana presha ya aina nyingine. Texas hukutana miaka ya namba witiri tu, siku 140, na miswada ya kawaida hufungwa siku ya 60. Ukikosa, unasubiri miaka miwili. Maryland ina siku 90 kila mwaka. Florida ina siku 60, na katika miaka shufwa huanza Januari badala ya Machi, jambo ambalo huwakuta wengi hawajajiandaa. Mkurugenzi mzuri wa Sacramento akihamia Austin hatakuwa mzuri mwaka wa kwanza. Hata kujiandikisha kutoa ushahidi ni tofauti: kwenye Baraza la Wawakilishi la Texas unajiandikisha ukiwa ndani ya jengo la bunge lenyewe, wakati kwingine hufanywa kwa mtandao siku moja au mbili kabla.

Sasa fedha. Programu ya ruzuku ya usalama ya serikali kuu, inayosimamiwa na FEMA, wakala wa serikali kuu wa maafa, ilianza mwaka wa fedha 2005 na dola milioni 25, na kufikia 2023 ilikuwa milioni 305. Inasikika nyingi. Lakini zinagawanywa kwa nchi nzima na kwa dini zote, maombi hupita kiasi kilichopo kila mwaka, na mwaka 2025 malipo yalisimamishwa kwa muda huku masinagogi yakiwa yameshaingia mikataba na mafundi. Ndiyo maana programu za jimbo zina uzito. Pennsylvania ilianzisha mfuko wake kwa Sheria namba 83 ya 2019, kwa dola milioni 5, baada ya shambulio la Oktoba 27, 2018 kwenye sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh, lililoua watu 11. California iliweka programu yake kwenye sheria mwaka huohuo wa 2019 kwa mswada AB 1548, miezi michache baada ya shambulio la Aprili 27 kwenye sinagogi la Chabad mjini Poway. Sheria ya namna hii huenda haraka pale rasimu na mahusiano vinapokuwepo kabla ya damu kumwagika. Ofisi isiyo na rasimu kabatini haiwezi kuandika nzuri ndani ya wiki mbili za msiba.

Kitu ambacho ofisi za majimbo huvifanya vizuri ni kuombea fedha hizi pamoja na wengine: misikiti, makanisa ya Weusi, gurdwara za Masingasinga, kliniki. Si ukarimu tu. Ruzuku inayotaja Wayahudi peke yao ina hatari ya kikatiba na pia haipati kura za kutosha. Ruzuku ya "mashirika yaliyo hatarini kwa sababu ya imani au utambulisho" inapita, na masinagogi yanapata sehemu yake.

Ambacho wengi hawakifanyi vizuri ni baada ya fedha kupatikana. Hapo ndipo tunapunguza alama nyingi. Kutangaza kwamba jimbo limetenga mamilioni ni kazi ya nusu siku. Kulifikisha sinagogi la familia 80 kwenye malipo ni kazi ya mwaka mzima, na ndiyo inayoacha watu njiani. Makosa hujirudia.

La kwanza: sinagogi haliombi FEMA moja kwa moja. Linaomba kupitia wakala wa jimbo aliyeteuliwa, na tarehe ya mwisho ya wakala huyo hutangulia ya FEMA kwa wiki kadhaa. Anayesoma tovuti ya FEMA pekee anachelewa. La pili: mwombaji mdogo anahitaji namba ya utambulisho ya UEI, lakini hahitaji usajili kamili wa SAM, mfumo wa serikali kuu wa kusajili wanaopokea fedha zake. Wapo wanaopoteza mwezi mzima wakihangaika na usajili kamili wasiouhitaji, barua ya benki ikirudishwa kwa sababu anwani inasema "Street" na hati ya shirika inasema "St." La tatu: tathmini ya udhaifu wa kiusalama. Lazima iwe ya jengo hilo hilo, na kila kitu kinachoombwa kitokane nayo. Tathmini ikisema tatizo ni mlango wa nyuma usiofungwa na wewe ukaomba kamera 16, mkaguzi anakata alama. Mtathmini mzuri anatembea na mwenye funguo, anajaribu kila komeo, anasimama barabarani kuona gari likija kasi litafika wapi. Polisi wa eneo hufanya bure mara nyingi, na hata wataalamu wa Secure Community Network, mtandao wa usalama wa jumuiya za Kiyahudi, lakini foleni huwa ndefu fomu zinapotoka, kwa hiyo iombwe miezi sita kabla.

La nne ndilo linaloumiza zaidi. Ruzuku ya serikali kuu hulipwa kwa kurejeshewa: sinagogi linalipa kwanza, linawasilisha ankara na uthibitisho wa malipo, linasubiri. Lisilo na akiba wala mkopo wa benki linashinda ruzuku na kushindwa kuitumia. Na ole wake aliyeagiza nguzo za kuzuia magari kabla ya idhini ya ukaguzi wa mazingira na urithi wa kihistoria. Kuchimba mashimo manne tu ya nguzo mbele ya sinagogi kongwe kabla ya barua ya idhini kutoka kunaweza kufuta gharama hiyo nzima, maana kazi iliyoanza mapema hairudishiwi. Filamu ya kuimarisha vioo, milango na taa za nje nazo husubiri barua hiyo. Fundi atakwambia bei inapanda mwisho wa mwezi. Iache ipande.

Ofisi ya jimbo inayostahili ada yake ina mtu wa kusaidia haya, au walau inalipia mwandishi wa maombi anayehudumia masinagogi 20 kwa pamoja, na inapigania bungeni kwamba programu ya jimbo itoe sehemu ya fedha mapema. Hilo la malipo ya awali ni ombi dogo kwenye karatasi, na kwa sinagogi dogo lina maana kuliko kuongezwa milioni kumi kwenye jumla. Uliza kama liko kwenye ajenda yao. Ukikuta halipo, unajua ofisi inasikiliza akina nani.

Tuzungumze sheria ya ushawishi, maana hofu yake inawafanya wengi wakae kimya bila sababu, na wachache wavuke mpaka bila kujua. Shirika la 501(c)(3), yaani la hisani lenye msamaha wa kodi, linaruhusiwa kushawishi wabunge. Haliruhusiwi kabisa kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kiasi cha ushawishi kinachoruhusiwa kwa kanuni ya kawaida ni "si sehemu kubwa", maneno ambayo hayana kipimo, ndiyo maana shirika linalojielewa hujaza fomu 5768 ya IRS (mamlaka ya kodi ya serikali kuu), ukurasa mmoja, na kupata kipimo cha namba: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake ya kihisani, asilimia 15 ya 500,000 zinazofuata, 10 ya 500,000 nyingine, kisha 5, na kikomo cha dola milioni 1 kwa mwaka. Shirika lenye matumizi ya 800,000 linaweza kutumia 100,000 na 45,000, jumla 145,000. Kati ya hizo, robo tu, yaani 36,250, ndiyo iende kwenye kuhamasisha umma upigie wabunge simu. Fomu ikijazwa Novemba inahesabu mwaka mzima.

Masinagogi yenyewe hayawezi kutumia fomu hiyo. Yanabaki kwenye "si sehemu kubwa". Hiyo ni sababu nzuri, pengine nzuri kuliko zote, ya rabi kuchangia ofisi ya jimbo badala ya sinagogi lake kuendesha kampeni lenyewe.

Angalizo: hesabu ya IRS na sheria ya jimbo ni vitu viwili. Kuzungumza na wizara kuhusu kanuni za utekelezaji si ushawishi machoni pa IRS, lakini California huhesabu kama ushawishi kwa ajili ya usajili na ripoti za kila robo mwaka. Ofisi inayotumia karatasi moja ya saa za kazi kwa mahesabu yote mawili itakosea moja. Na zawadi: huko California mshawishi aliyesajiliwa hawezi kumpa mbunge kitu cha zaidi ya dola 10 kwa mwezi. Kikapu cha Rosh Hashanah chenye asali, tofaa na mkate wa challah kinavuka hapo bila jasho. Mtungi mdogo wa asali unatosha, na risiti itunzwe.

Siku ya bungeni. Inagharimu mabasi, vyumba, chakula cha kosher (kinachofuata sheria ya dini ya Kiyahudi) na wiki tatu za wafanyakazi. Wajumbe wanagawanywa makundi ya watano au sita, kila kundi lina mkazi wa eneo la uchaguzi la mbunge husika, na kila kikao ni dakika 15 hadi 20, mara nyingi na msaidizi wa mbunge wala si mbunge. Wageni hulalamika wakikutana na kijana wa miaka 25 mwenye daftari. Wasilalamike, huyo ndiye anayeandika mapendekezo ya kura. Kinachoharibu ni kundi kuingia na miswada saba. Miswada miwili na ombi moja la bajeti, kila kimoja na namba yake, karatasi moja tu ya kuacha mezani, na mtu mmoja aliyepangiwa kutaja ombi kabla ya dakika ya tano. Bila hivyo dakika 12 zinakwisha kwenye salamu na habari za mjukuu. Sacramento, hakikisha maelekezo yanasema ofisi za wabunge ziko 1021 O Street, jengo walilohamia kupisha ujenzi wa ofisi za zamani. Kundi likipanga foleni ya ukaguzi kwenye jengo kuu lenye kuba, limeshapoteza kikao chake cha kwanza.

Tarehe ya siku hiyo inasema mengi kuhusu ofisi. Ikiwa kabla ya faili la kusubiri kusomwa na kabla ya marekebisho ya Mei, wanajua wanachofanya. Ikiwekwa Juni kwa sababu hoteli ilikuwa rahisi, ni matembezi. Kitu kingine ambacho tungependa kukiona zaidi ni ushahidi wa kamati: kwa kawaida mashahidi wakuu ni wawili kila upande, dakika mbili kila mmoja, na wengine wote hutaja jina, shirika na msimamo tu. Mwanafunzi wa darasa la kumi anayeeleza kilichochorwa kwenye kabati lake, kwa sekunde 110, hufanya kazi ambayo mkurugenzi hawezi kuifanya. Asomeshwe kuhusu maswali atakayoulizwa. Asiandikiwe maneno.

Elimu. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha mafundisho ya Holokosti shuleni, mwaka 1990. New York, New Jersey na Florida zilifuata 1994, na tangu hapo orodha imekua sana. Kila sheria ilipokelewa kwa sherehe. Kasoro: nyingi zilipita bila fedha za kufundisha walimu na bila mtu wa kukagua. New York ilipitisha sheria ya kuiagiza idara ya elimu ichunguze kama shule zinafuata matakwa hayo mwaka 2022, miaka 28 baada ya matakwa yenyewe. Anayepima huduma ya ofisi kwa idadi ya sheria zilizosainiwa anapima kitu kisichofaa. Texas ilifanya vyema zaidi kwa upande huu: tangu 2009 ina tume ya kudumu ya jimbo kwa ajili ya Holokosti na mauaji ya kimbari, yenye wafanyakazi na bajeti. Tume haipendezi kwenye picha kama sheria mpya, lakini inapokea simu ya mwalimu.

Kwenye ufafanuzi wa chuki dhidi ya Wayahudi, ushauri wetu ni mkali kidogo. Ufafanuzi wa IHRA, muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Holokosti, wa mwaka 2016 una mifano 11, mingi ikiihusu Israel. Georgia, South Dakota na Florida ziliuingiza kwenye sheria mwaka 2024. Wanaouunga mkono wanasema bila ufafanuzi, shule na polisi hukwepa. Wanaoupinga, wakiwemo Wayahudi na hata Kenneth Stern aliyeongoza uandishi wa rasimu yake ya awali, wanasema kuufanya chombo cha kuamua maneno ya vyuoni ni kuutumia visivyo. Pande zote mbili zimo ndani ya jumuiya moja inayolipa ada moja. Ofisi ya muungano ikiingia kwenye mswada wa namna hiyo bila kanuni ya maamuzi iliyoandikwa, itapoteza wanachama hata ikishinda kura. AB 715 ya California inaonyesha njia nyingine, yenye gharama zake: uliacha ugomvi wa viwango vya masomo ya makabila (ethnic studies), ambao mswada AB 1468 wa mwaka huohuo ulikuwa umeubeba, ukaenda kwenye ulinzi dhidi ya ubaguzi na kuunda ofisi ya haki za kiraia yenye mratibu wa kuzuia chuki dhidi ya Wayahudi. Chama cha walimu cha California kiliupinga hata hivyo. Lakini muungano haukupasuka.

Na kwa anayedhani sheria yenye nia njema haiwezi kumgeuka mwenyewe, kuna kesi ya nyama. New York ilikuwa na sheria ya mwaka 1915 ya kuzuia udanganyifu kwenye chakula cha kosher, ikifafanua kosher kwa vigezo vya Orthodox. Wachinjaji wa Commack, waliokuwa chini ya rabi wa Conservative, mkondo mwingine wa Uyahudi, walishtaki, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ikaibatilisha kwa kuwa serikali ilikuwa imechukua upande kwenye suala la dini. Sheria mpya ya 2004 iliacha kufafanua: muuzaji ajiandikishe na aseme nani anamthibitishia. Wanunuzi wakaamua wenyewe. Kila rasimu inayogusa "nani" au "nini" katika dini ipitishwe kwa mwanasheria wa katiba kabla ya kutafutiwa mbunge.

Kabla ya shirika lako kulipa ada, omba vitu vinne kutoka ofisini: orodha ya miswada ya kikao kilichopita ikiwa na iliyokufa na ilikufia kamati gani, kanuni ya kupitisha msimamo, kama ni makubaliano ya wote au theluthi mbili, jina la anayeshika simu siku za sikukuu, na idadi ya mashirika waliyoyasaidia hadi yakalipwa, si hadi yakaomba. La kwanza ndilo linalotenganisha. Ofisi inayokupa ushindi pekee haikumbuki, au haitaki ukumbuke.

Sinagogi lililo kwenye jimbo lisilo na ofisi ya namna hii lisikodi mshawishi lenyewe. Ni ghali na mpaka wa "si sehemu kubwa" uko karibu. Lijiunge na JCRC ya mji ulio karibu, kisha limwandikie wakala wa ruzuku wa jimbo barua pepe vuli hii, kabla fomu hazijatoka, kuomba kuwekwa kwenye orodha ya taarifa. Orodha hiyo ni ya bure. Dirisha la maombi likifunguliwa, linaweza kudumu wiki tatu tu, na tathmini ya jengo ikiwa imeshafanyika, wiki tatu zinatosha.